Asilimia 5 Iliyokatwa: Kodi Imekwisha au Bado?

Mwalimu wa skuli Chake Chake anayefasiri nyaraka za mradi mara mbili kwa mwaka, na mpiga picha anayeitwa hotelini Nungwi msimu wa wageni, hukatwa sawasawa: mlipaji huzuia asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika. Wengi hudhani kodi imeishia hapo. Kwa mkaazi, zuio hilo ni sehemu tu ya malipo. Hesabu hufungwa kwa ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi, na kwa mapato ya Januari hadi Disemba mwisho wake ni Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Wanaotaka asilimia 5 iwe ndiyo basi wana hoja. Mtu wa vibarua viwili hana mhasibu, ila akishafungua TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara anadaiwa makadirio ya kodi kabla ya Machi 31 kupita, malipo ya awamu nne, kisha ritani. Akiisahau, adhabu huhesabiwa mwezi kwa mwezi, hata kama mwaka huo hakupata kazi. (TIN aliyoiomba kwa ajili ya ajira si ya biashara, asiitumie kwenye ankara kabla ya kuibadilisha.)

Tatizo ni kwamba asilimia 5 hukatwa kwenye malipo ghafi. Mpiga picha akilipwa shilingi 800,000, hukatwa 40,000. Tuseme kukodi lenzi, msaidizi na mafuta vimekula 500,000: faida ni 300,000, na zuio limeshachukua zaidi ya asilimia 13 yake. Mfasiri hana gharama za maana, na pato lake likijumlishwa na mshahara huweza kuingia daraja la juu, ambalo kilele chake ni asilimia 30. Anayenufaika na kunyamaza ni mwalimu, mpaka deni limfuate na riba. Na mpiga picha akilipwa na familia ya bwana harusi hakatwi kitu, kwani mtu binafsi asiyelipa kwa shughuli za biashara hazuii kodi. Pato hilo linabaki la kutangazwa.

Kwa hiyo ritani ibaki, kwa maoni yetu. Kinachoiharibu ni cheti cha zuio, karatasi ya mlipaji inayoonesha kilichokatwa. Bila cheti, zile 40,000 ni shida kudai zihesabiwe kuwa zimelipwa. Makosa ni yale yale: tarakimu ya TIN imekosewa, au mkataba unasema Khamis na kitambulisho kinasema Hamisi. Baya zaidi ni kuazima TIN ya rafiki ili malipo yapite haraka. Pato linaandikwa kuwa la rafiki huyo, cheti chake, na kodi yake.

ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) ni mlango mwengine, wenye usajili wake: huko ndiko VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Zanzibar na ushuru wa stempu. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hivyo risiti ya kielektroniki ya ZRA haifuti deni la TRA.

Cheti kidai mwezi ule ule wa malipo, na ukisome mbele ya mhasibu wa mlipaji: jina, TIN, kiasi ghafi, kiasi kilichozuiwa. Mradi ukishafungwa na ofisi kurudishwa kwa mwenye nyumba, hakuna wa kukusahihishia.