Eti Mbao za Ukingo ni Urembo Tu

Jumamosi iliyopita, nikiwa Sahare nikisaidiwa na vijana wawili kuipandisha mchangani boti yangu ndogo ya faiba yenye futi 12 na tanga moja, nilishika ukingo wake kama nifanyavyo siku zote, na kipande cha mbao chenye urefu wa dhiraa nzima kikang'oka na kubaki mkononi mwangu. Kwa nje kilikuwa cheupe, kinang'aa rangi ya mafuta. Kwa ndani kilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mbao hiyo haikuwa imetimiza mwaka tangu nilipoilipia.

Fundi aliyeiweka nilimpigia simu, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, usiumize kichwa, ile mbao ni urembo tu. Boti yenyewe ni faiba, na faiba haiozi." Nimelitafakari jibu hilo siku nne sasa, na kila nikilitafakari hasira inapanda upya.

Ukitaka kujua kama ni urembo, ivue mbao hiyo kisha ubonyeze ukingo wa boti kwa kiganja. Ganda la faiba la boti ndogo lina unene wa milimita chache tu, na ukingo wake ukiachwa mtupu hucheza kama mdomo wa ndoo ya plastiki iliyojaa maji. Mbao mbili, moja ndani na nyingine nje, ndizo zinazoubana ukingo huo katikati na kuulazimisha ushike umbo lake upepo wa kusi unapoielemea boti, na ndizo zinazopokea kipigo pale unapogonga gati. Huo ndio urembo wenyewe.

Lakini kosa lililoniuma zaidi si kauli hiyo, ni maji. Sisi watu wa Tanga, tunaotia samaki chumvi ili asioze, ndio hao hao tunaoilaumu chumvi ya bahari kwa kuozesha mbao. Chumvi hula chuma. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu hutaka maji baridi yasiyo na chumvi, yaani mvua ya masika inayojaa botini ikiwa imetia nanga au imelala ufukweni bila turubai. Maji hayo huteremka taratibu kwenye mwanya kati ya mbao na faiba, hupenya kwenye tundu la kila skrubu, na yakishaingia hayana pa kutokea, kwa sababu juu yake mmepaka rangi nzito tabaka tatu. Ni sawa na kulifungia shati lililolowa ndani ya mfuko wa nailoni, kisha kushangaa kwa nini linanuka. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haiwezi kuila. Ikizidi sana hapo kwa muda mrefu, rangi inakuwa pazia tu la kuficha msiba.

Nilipozitoa skrubu zote 22, sita tu ndizo zilizokubali bisibisi. Nyingine zilivunjika vichwa, kwa kuwa zilikuwa skrubu za kawaida za kufungia makabati, na kila moja ilikuwa imezungukwa na pete nyeusi kwenye mbao na mchirizi wa kutu kwenye faiba, mithili ya wanja uliochuruzika kwa machozi. Hakuna tundu hata moja lililokuwa limezibwa. Hapo ndipo niliposikitika kweli, maana katika ufukwe huo huo fundi wa jahazi, asiyejua gundi ya epoksi ni nini, huuvika msumari pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuugongomea, kwa sababu alifundishwa tangu utotoni kwamba kila tundu kwenye chombo ni mlango wa maji. Wajuzi wa faiba wamelisahau somo hilo kwa vile tu ganda lao haliozi.

Nakubali, shingo upande, kwamba ukingo wa mpira hauozi kabisa na ni rahisi kuubandika, ingawa haukazi chochote. Nakubali pia, na hili linaniuma, kwamba mwaka jana ni mimi niliyemharakisha fundi ili boti iingie majini kabla ya Idi.

Safari hii nafanya mwenyewe. Nimechukua mtiki wa shamba la miti la Longuza, na badala ya mbao moja nene inayokataa kupinda inapofika kwenye omo, yaani mbele ya boti, napinda papi mbili za milimita 10 na kuzigandisha pamoja, nikitumia vipande vya mbao kuukuu kama kiolezo. Panapohitaji kuunga, naunga kwa mshazari wenye urefu wa mara 8 ya unene, yaani milimita 80, na viungo vya papi hizo mbili havikutani mahali pamoja. Mtiki una mafuta yake yanayoikataa gundi, hivyo naufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka epoksi. Kila tundu natoboa kubwa kuliko linavyotakiwa, nalijaza epoksi, nasubiri ikauke, ndipo natoboa tena dogo la skrubu, ili chuma kisiiguse mbao kabisa. Ncha za mbao, ambazo hunywa maji kuliko ubavu, nazipa epoksi mara tatu. Vanishi ni tabaka sita, na msasa kila baada ya tabaka, kwa sababu jua letu halina huruma.

Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua yake jirani aliniangalia nikijaza matundu, akaniuliza kwa nini natoboa, naziba, halafu natoboa tena palepale. Nilipomweleza alicheka, akanionyesha msumari wake uliovikwa pamba, akaendelea na kazi.

Upande wa kushoto umekamilika. Wa kulia umebanwa kwa majiliwa manane ya kuazima, na mwenyewe anayataka Alhamisi.