Siku tano ambazo sindano ya joto haifanyi kazi

Huku Njoro na Molo, ukitaja sindano ya kuleta joto, yaani ya kumfanya ng'ombe awe tayari kupandwa, mbele ya wafugaji watano, hutapata kauli moja. Kuna wanaoapa kuwa homoni huharibu ng'ombe: unalipa, anadungwa, unangoja wiki nzima na hapandi wala hapandwi. Wengine wanasema bila sindano hiyo, mtu anayeshinda kazini mjini Nakuru hawezi kuona joto la ng'ombe wake hata siku moja. Nimewasikiliza wote kwenye foleni ya kupimiwa maziwa, na naona dawa inabebeshwa kosa la kalenda.

Tazama kinachotendeka ndani ya ovari. Kifuko cha yai kina mishipa ya damu kwenye tabaka la nje; tabaka la ndani halina hata mmoja. Joto likianza, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya LH kwa wingi, nayo huchochea kifuko kutengeneza protini ya VEGF, inayoamuru mishipa iote. Kama saa 30 baada ya joto kuanza yai hutoka, utando kati ya tabaka hizo huvunjika, na mishipa hujipenyeza ndani. Hapo ndipo mwili wa njano unapojengeka, ule unaotoa projesteroni ya kulinda mimba. Mwaka 1998 Napoleone Ferrara na wenzake walizuia VEGF kwenye panya: mishipa ikakosa kuota, na mwili wa njano ukashindwa kukua.

Anayepasua ovari kichinjioni huyaona haya kwa macho. Ya ng'ombe aliyetoa yai siku mbili zilizopita ina kidonda chekundu cheusi, laini kama damu iliyoganda. Ya siku ya kumi ina donge la rangi ya machungwa, gumu kidogo, linalojaa kiganja cha mtoto mdogo, na damu huchuruzika ukilikata.

Sindano yenyewe ni homoni iitwayo prostaglandini. Hulenga donge hilo, yaani mwili wa njano: damu inapungua, projesteroni inashuka, na joto hurudi baada ya siku 2 hadi 5. Lakini kwa siku kama 5 za kwanza baada ya joto, mishipa ikiwa bado inaota, mwili huo mchanga haunyauki. Vipokezi vya dawa, yaani sehemu za seli zinazoipokea, tayari vipo; inaonekana uwezo wa kujifungia damu ndio haujakomaa.

Fanya hesabu. Mzunguko, toka joto hadi joto, ni kama siku 21. Ukidunga ng'ombe 20 wanaozunguka vizuri bila kuuliza tarehe, karibu 5 watakuwa ndani ya siku hizo. Watano! Hao ndio wanaozungumzwa sokoni mwaka mzima, ilhali hawana ugonjwa wowote na dawa haikuwa mbovu. Ndiyo maana wataalamu hurudia sindano baada ya siku 11: aliyekuwa siku ya 3 sasa yuko siku ya 14, na aliyeitikia mara ya kwanza ameshapata mwili wa njano mpya uliokomaa kiasi cha kuitikia tena. Mfugaji aliyeuziwa dozi moja bila kuelezwa haya ana haki ya kukasirika, ila hasira yake imeelekezwa pabaya.

Wapinzani nao wana hoja nzito. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa ya kiangazi huenda hazunguki kabisa. Hana mwili wa njano, hivyo hakuna cha kunyausha, na huyo anahitaji malisho na madini. Mwenye mimba changa ataitupa. Dawa hupenya ngozi, kwa hiyo mama mjamzito au mwenye pumu hafai kuishika. Na mwenye ng'ombe wawili, anayekaa nao asubuhi na jioni, hana haja ya kununua joto. Macho yake yanatosha.

Hata hivyo, hoja zote hizo zinahusu nani adungwe, na lini. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulize daktari: umeingiza mkono ukagusa donge kwenye ovari? Umehakikisha hana mimba? Akikuomba tarehe ya joto la mwisho, umpe ile uliyoandika kwa chaki kwenye mlango wa zizi.