Vita vikiisha, nauli haishuki

Israel ilipoishambulia Iran Juni 13, 2025, mafuta ghafi ya Brent, ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, yalikuwa yametoka kuuzwa karibu dola 70 kwa pipa. Siku 10 baadaye yaligusa dola 80, kwa hofu kwamba Mlango-Bahari wa Hormuz, njia ya kutokea Ghuba ya Uajemi, ungefungwa. Wakati huo hapo palipita karibu pipa 1 kati ya kila mapipa 5 yanayotumika duniani. Siku ya 12 mapigano yakasimama, bei ikarudi chini ya 70, na wiki hiyohiyo hisa za New York zikafika kilele kipya.

Wachambuzi wa masoko hupenda kutoa mfano huo. Soko hushtuka, wanasema, kisha hutulia, na anayeuza hisa zake kwa woga siku ya kombora la kwanza huishia kupata hasara. Kwa mwenye hisa, wana hoja. Hata kwetu Dar vita ile ilipita bila kishindo kikubwa. Bei kikomo, yaani bei za juu kabisa ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inaruhusu vituo vya mafuta kutoza, hutangazwa mara moja kwa mwezi, tena kwa kufuata shehena zilizokwisha kununuliwa, kwa hiyo mtikisiko wa siku 12 humezwa njiani.

Lakini ukirefuka, haumezwi. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Brent ilikaribia dola 140 na bei ikabaki juu kwa miezi. Kufikia Mei, lita ya petroli Dar es Salaam ilikuwa imevuka shilingi 3,000, na Serikali ikalazimika kutenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 400 hadi 500, kisha Desemba 2023 ikawa 600. Baadaye petroli ilishuka chini ya 3,000. Nauli haikurudi. Kwa nauli hiyo ya 600, mama anayeunganisha daladala mbili kwenda sokoni na mbili kurudi anatoa shilingi 800 zaidi kila siku kuliko mwanzoni mwa 2022, hata siku ambayo biashara imelala.

Wenye daladala nao wasikilizwe: tairi na vipuri vinanunuliwa kwa dola, na 2023 dola zenyewe zilikuwa adimu. Ndiyo maana nasema hasara ya vita haipimwi kwa bei ya mafuta peke yake. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Mzigo wa Kariakoo unaotoka China haupiti huko, lakini meli zikikawia safarini, makontena huadimika kila mahali na gharama ya kusafirisha hupanda kwa wote.

Upande wa pili kuna dhahabu, na hili si jambo dogo. Hofu ya dunia huipandisha. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000. Tanzania inaiuza nje kwa wingi, na Benki Kuu imekuwa ikiinunua hapa nchini kuongeza akiba yake. Kwa hesabu za taifa, dhahabu inaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo la fedha za kigeni linaloachwa na mafuta, na shilingi ikapata nguvu.

Tatizo ni kwamba pengo na faida haviangukii watu walewale. Faida huingia kwa wachimbaji, Hazina na Benki Kuu, wakati gharama inamfuata abiria wa Mbagala. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vita vya namna hii vinatunufaisha, ingawa takwimu za mauzo ya nje zinawabeba. Sehemu ya mapato ya dhahabu ingewekwa kwenye akiba ya mafuta ya taifa ya kutosha miezi kadhaa, na LATRA, mamlaka inayopanga nauli, ingepitia nauli mafuta yanaposhuka kwa haraka ileile inayodaiwa yanapopanda.