Iacheni Commodore 64 na Umanjano Wake

Sisi tunaokusanya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 tumeingiwa na mtindo unaonisumbua: kuzing'arisha. Mtu akipata Commodore 64 iliyogeuka njano, kitu cha kwanza ni kuipaka peroksidi ya haidrojeni na kuianika juani mpaka ganda lirudishe rangi. Picha zinapendeza, sikatai. Lakini umanjano haujawahi kuua kompyuta. Ni plastiki tu iliyochoka kwa jua na umri, na mara nyingi hata ikisafishwa, njano hurudi.

Inayoua ni adapta ya umeme. Ile ya asili, nzito kama tofali, hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, na kifaa kinachodhibiti zile volti 5 kimezamishwa ndani ya gundi ngumu isiyofunguka. Joto hukichosha miaka nenda miaka rudi, hadi siku kinaposhindwa kazi: volti zinapanda, chipu za kumbukumbu zinaungua, na mwenyewe akiwasha TV anaona giza tupu. Msiichomeke, hata kama muuzaji ameapa kwamba inafanya kazi. Kuipima kwa mita leo hakukuhakikishii kesho. Nunueni mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Wapo wanaosema bila adapta ya asili mkusanyo haujakamilika. Basi na ikae kabatini, mbali na soketi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu utamu wa mashine hii hauko kwenye ganda. Iliingia sokoni mwaka 1982 kwa dola 595, ikiwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu. Ukiiwasha hata leo, ndani ya sekunde chache inakupa skrini ya buluu, baiti 38911 zilizo wazi kwa BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, neno READY na kijisanduku kinachowakawaka. Haikuulizi nenosiri wala haitafuti intaneti. Imekaa tayari uandike programu yako.

Halafu kuna SID, chipu ya sauti aliyoibuni mhandisi Bob Yannes. Ina sauti tatu tu kwa wakati mmoja, lakini kwa mpiga muziki mzuri zinatosha kuijaza sebule. Chipu hiyo haitengenezwi tena kiwandani kwake. Kampuni yenyewe, Commodore, ilifilisika mwaka 1994. Kila inayoungua ni moja iliyopungua duniani, na inaniuma sana ikiungua ndani ya ganda lililong'arishwa likameremeta.