Tozo si faida ya daraja

Kuna mwandishi anasema Daraja la Kigamboni hapa Dar es Salaam litakuwa limelipa siku tozo zitakaporudisha gharama za ujenzi. Hapo amechanganya mapato na faida. Tozo ni hela inayotoka mfukoni mwa dereva wa bajaji kwenda kwa mwenye daraja. Nchi haijaongezewa hata shilingi. Faida yenyewe ni muda na mali inayookolewa. Kabla daraja halijafunguliwa Aprili 2016 nilikuwa napeleka mchicha sokoni Kariakoo kwa panton, yaani kivuko. Likiharibika moja, tunakwama kwenye foleni zaidi ya saa nzima, nanyunyizia mafungu maji ya chupa na bado yananyauka, nikifika sokoni wanunuzi wa jumla wameshaondoka. Hasara ile haimo kwenye kitabu cha tozo, lakini mchanganuo wowote wa gharama na faida lazima uihesabu. Tena tozo zilipopunguzwa 2022, kwa hesabu ya mwandishi daraja lilirudi nyuma. Kwangu mimi faida ilipanda, maana jirani yangu wa bodaboda aliyekuwa akilikwepa sasa anapita kila siku. Wenzangu wa Kibada na Mjimwema, ninyi mmeokoa saa ngapi kwa wiki?