Wahindu wa Leicester na sisi wa mguu mmoja nje

Karibu kila Mtanzania aliyekulia mjini amesikia kwamba Mhindi ana mguu mmoja ndani na mwingine nje: pesa anachuma Kariakoo, moyo uko Bombay au London. Nilipokuwa Dar nilipita Mtaa wa Kisutu miaka nenda miaka rudi, mahekalu yao yale pale, kengele zinasikika mpaka barabarani, na sikuwahi kuvuka mlango hata wa moja. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenikaribisha. Sasa naishi Leicester, Uingereza, nyuma ya Belgrave Road, na naona mwenye mguu nje ni mimi na wenzangu.

Sensa ya 2021 ilikuta karibu watu 18 katika kila 100 wa mji huu ni Wahindu. Diwali, sikukuu yao ya taa, ikikaribia, Oktoba au Novemba, taa hutundikwa Belgrave Road nzima na watu humiminika kwa maelfu. Maduka ya sari na dhahabu yamefuatana, na kwenye mikahawa utaagiza "mogo", yaani mihogo ya kukaanga na pilipili, ndugu yake ile ya Coco Beach. Wengi wa wazee wa hapa hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka Kampala, Jinja, Nairobi, Dar. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, mji umejaa. Wakaja. Taa za Diwali leo zinawashwa na halmashauri hiyo hiyo.

Jirani yangu ni bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Aliposikia natoka Tanzania alinivuta ndani hata sijamaliza kusalimia. Kiswahili chake ni cha amri tupu: leta, weka, kaa, kula. Ndicho alichojifunza, kwa sababu aliozungumza nao walikuwa boi na yaya wa nyumbani kwao. Analijua hilo, na nilipomchokoza alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo. Simsuti. Ila habari nyingi za Diwali huandikwa kwa sukari tupu, na mimi sijasahau nani alikaa nyuma ya kaunta na nani alisimama mbele yake.

Jikoni kwake, juu ya mashine ya kufulia, kuna kabati dogo la miungu: Krishna, Ganesh, Lakshmi. Asubuhi huoga kwanza, kisha huwasha kitaa cha samli na udi, huimba taratibu, huwawekea chakula kabla yeye mwenyewe hajaonja. Kikishatolewa kinaitwa prasad, na sehemu yake huniletea kwenye kibakuli cha bati. (Mchungaji wetu wa Kilutheri akisoma hapa, tutaongea Jumapili.)

Hekalu lake lilikuwa kanisa zamani. Wakati wa sikukuu ya Navratri nilikwenda naye. Kwa usiku tisa vijana huzunguka wakicheza garba, katikati sanamu ya mama mungu, na wale wale niliozoea kuwaona kituo cha basi wakiongea Kiingereza cha mtaani wanajua kila wimbo na kila hatua. Wengine India wameiona kwenye simu tu.

Lakini kilichonishika zaidi ni mto. Maiti zao huchomwa, na majivu, ambayo kwa mapokeo yangeenda Ganga, mto wao mtakatifu kule India, wapo wanaoyatia mto Soar, unaopita hapa hapa Leicester. Ni mto wa kawaida kabisa, una bata na maboti ya kutembeza watu. Wanasoma mantra zao, wanamwaga majivu na maua, wanarudi nyumbani kula.

Sisi Wachagga hilo hatuliwezi. Mtu akifa huku ni lazima alale kihambani, kwenye migomba, karibu na baba yake. Kundi letu la WhatsApp huchanga paundi elfu kadhaa ndani ya siku chache ili jeneza lipande ndege, lakini ukiomba mchango wa kukodi ukumbi watoto wafundishwe Kiswahili, kimya. Wengi tumejenga Goba na Kigamboni nyumba ambazo anayelala ni mlinzi, na huku tunapanga chumba kimoja chenye ukungu.

Najua nitaambiwa silinganishi sawa. Waliofukuzwa Uganda hawakuwa na pa kurudi, na hata kwetu sheria ya 1971 ilitaifisha majumba ya kupangisha, mengi yakiwa ya Waasia, wengi wao wakaondoka. Aliyefungiwa mlango hujenga alipo; sisi wetu uko wazi, kila Desemba tunaota Moshi. Ni kweli. Ila watoto wetu hawaoti Moshi, na hilo halitangoji sisi tustaafu.

Kikao kilichopita nilipendekeza nusu ya mfuko wa misiba iwe ya ukumbi. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu unataka mimi nizikwe Leicester?" Nikamwambia, mzee wangu, wajukuu zako wote wanne wako Leicester. Mwenyekiti akaahirisha kikao, na ajenda hiyo haijarudi mezani.