Fundi huitwa kifaa kikishafika

Siku ya mshahara, Oktoba, msimu wa korosho umeshapamba moto, programu ya mishahara iligoma kufunguka. Ofisi yetu iko hapa Mtwara mjini, upande wa Shangani, na kwa miaka minne sasa kompyuta zetu za uhasibu hazishikiki kwa mkono: ni kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, zinazoishi ndani ya seva moja, kwenye chumba kidogo chenye feni. Mhasibu wetu, mtu mzima ninayemwita mama, akanipigia simu.

"Mwanangu, inasema leseni haipo. Na watu wameshajaa mlangoni."

Leseni ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya seva, inawaka kijitaa chake chekundu kana kwamba mambo ni shwari.

Programu zile zinalindwa na viflashi vya leseni, vile vidude vya USB ambavyo ukivichomoa programu inajifunga. Tulikuwa navyo viwili vya mtengenezaji mmoja. Cha hesabu ni cha zamani, cha mishahara kilifika Septemba. Sasa, kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, na mimi nilikuwa nimeiagiza seva ivigawe viflashi kwa namba hizo. Sikuangalia kwamba namba za vyote viwili ni zilezile. Siku nilipokichomeka cha pili mambo yalikwenda, kwa sababu kompyuta pepe ya hesabu ilikuwa imeshashika cha kwake. Umeme ulipokatika alfajiri ya siku ya mshahara na seva ikawaka upya, kila kompyuta pepe iliamka ikakamata kiflashi cha mwenzake. Hesabu nayo ilikuwa imegoma, ila nani anafungua vitabu vya hesabu siku ya mshahara?

Na kifaa cha USB hakijui ushirika. Kikishakabidhiwa kwa kompyuta pepe moja, ya pili haikioni, na hata seva yenyewe iliyokibeba inakuwa imekiachia. Ndiyo maana huwezi kusema basi vyote viwe vya wote.

Nikabadilisha agizo. Proxmox, programu ya kuendesha kompyuta pepe tunayotumia sisi, inakuruhusu kutaja tundu badala ya namba za kifaa: chochote kitakachochomekwa tundu hili ni cha hesabu, tundu lile ni cha mishahara. Nikalala usingizi. Wiki mbili baadaye kijana wa usafi akavichomoa vyote apanguse vumbi, akavirudisha kwa kupishana. Simkosoi, kwa macho vinafanana kama mbegu mbili za ubuyu. Dada wa mapokezi ndiye aliyetuokoa na chupa mbili za rangi ya kucha. Nyekundu ikapakwa kwenye tundu na kiflashi cha hesabu, zambarau kwa mishahara. Mwaka wa pili huu rangi haijabanduka, ingawa chuma cha matundu mengine kimeshaanza kuliwa na kutu. Anayekaa karibu na bahari anajua ninachosema.

Wenzangu wa fani hii wakisikia habari kama hizi hukimbilia kuzungumzia programu ipi ya kuendesha kompyuta pepe ni bora. VirtualBox zamani ilikutaka uongeze kifurushi cha ziada ndipo USB 2.0 na 3.0 zifanye kazi, tangu toleo la 7.0 uwezo huo umo ndani. Ukiwa kwenye mfumo wa Linux na orodha ya vifaa iko tupu, angalia kama jina lako limo kwenye kundi la vboxusers. Hyper-V haina njia ya moja kwa moja ya kuipa kompyuta pepe kiflashi cha leseni, na ofisi nyingi hugundua hilo zikiwa zimeshahamia huko. Yote ni ya kweli na yana faida kuyajua. Lakini mimi naona ugonjwa wetu unaanzia mbali zaidi, kwenye kikao cha manunuzi.

Kikao kinauliza bei. Kinauliza waranti, wino unapatikana wapi, mzigo utafika lini. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: kifaa hiki kitazungumza na kompyuta ipi, na kwa njia gani? Fundi huitwa kifaa kikishafika, boksi limeshachanwa, risiti imeshagongwa muhuri, naye anaambiwa "tuunganishie hiki."

USB ilitoka mwaka 1996 kwa ajili ya kompyuta iliyo juu ya meza, na kibodi na printa vikiwa hapo hapo pembeni. Waya wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Sisi kompyuta tumeitoa mezani tukaifungia chumbani, kisha tunashangaa waya haufiki.

Mfano ni mizani yetu ya ghalani. Iliponunuliwa nilitakiwa niiunganishe na kompyuta pepe ya stoo ili uzito wa magunia uingie wenyewe. Kutoka mizani hadi seva ni hatua hamsini na kitu. Mizani yenyewe inatumia kile kiunganishi cha kugeuza waya wa kizamani kuwa USB, cha bei rahisi, ambacho Windows ikikikuta tundu jingine inakipa namba mpya ya COM, yaani jina la tundu ambalo programu hulitafuta, na programu inaanza kukitafuta kulikokuwa jana. Ningeweza kununua kisanduku kinachopitisha USB kwenye mtandao. Vipo, na Linux imebeba uwezo huo ndani yake kwa jina la USB/IP. Kwa kiflashi cha leseni ningekubali bila ubishi, tena hapo kompyuta pepe inaweza kuhamia seva nyingine bila kiflashi kuguswa. Kwa mizani nilikataa. Msimu ukichanganya mpima magunia hawezi kusimama akisubiri swichi ya mtandao izinduke. Nikaweka kompyuta chakavu pale pale ghalani, inasoma mizani kwa waya mfupi, inaandika, halafu inatuma namba tu kwa seva. Namba inasafiri vizuri kuliko waya.

Printa na skana ndiyo kabisa. Printa yenye tundu la mtandao haihitaji kupitishwa popote, kila kompyuta pepe inaiona kwa anwani yake. Skana ikihifadhi kwenye folda ya pamoja, yametosha. Kinachostahili kuingizwa ndani ya kompyuta pepe kwa USB, kwa maoni yangu, ni kiflashi cha leseni peke yake, kwa kuwa hicho hakiguswi na mtu na hakina njia nyingine.

Najua nitaulizwa: kwa nini msihamie leseni za mtandaoni mkaachana na viflashi? Nilikuwa upande huo hadi Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita na barabara ya Dar ikakatika eneo la Somanga, na siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Rafiki yangu wa ofisi ya jirani, ambaye leseni zake ziko mtandaoni, alikaa na programu iliyojifunga. Sisi tulifanya kazi. Ila niseme ukweli wote: kiflashi chetu kingeungua mwezi ule, kipya kingekuja kwa basi gani? Kwa hiyo sina upande safi. Ninacho kiflashi cha akiba, kwenye droo ya mama mhasibu, nilichokiombea fedha miezi saba.

Jumanne iliyopita kimefika kisoma alama za vidole cha mahudhurio. Kizuri, cheusi, kinang'aa. Nimezungusha boksi pande zote nikitafuta tundu la mtandao. Kina waya mmoja tu, wa USB, hata mita mbili haufiki. Dada wa mapokezi kaniuliza safari hii nataka rangi gani.